Mabinti Wanne, Koo Moja: Kisa cha Mwigizaji Sauti Aliyegeuzwa "Binti Mkali"

Kuhusu kisa hiki

Majina ya watu, ya studio, ya chaneli na ya anime yenyewe (katuni ya Kijapani) yameondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Mwigizaji nitamwita Z. Mwongozaji atabaki Mwongozaji, maana alikuwa mmoja tu. Mimi nilikuwa mhariri wa muswada wa Kiswahili, kwa hiyo msomaji asidhani nilikuwa nimekaa pembeni nikitazama. Baadhi ya makosa nitakayoyaeleza niliyafanya kwa kalamu yangu.

Usuli

Studio ni vyumba viwili vya ghorofa ya kwanza. Kimoja kimezibwa kwa magodoro ya sponji na mapazia mazito, kingine kina kompyuta ya fundi sauti na feni ambayo lazima izimwe kila tunaporekodi. Kazi ya kila siku ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Shughuli hii watazamaji wa kwetu wameshaizoea. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou ilipoonyeshwa TBC kwa Kiswahili, watu hawakuchukua muda kumzoea mama mkwe wa Kichina anayegomba kama jirani yao wa Temeke. Na kabla ya hapo kulikuwa na vibanda vya video, ambako mtu kama Lufufu alishika maiki akakutafsiria filamu nzima peke yake: jambazi, askari, mtoto na bibi harusi, wote wakitoka kwenye koo lile lile. Hakuna aliyelalamika. Nalitaja hili mapema kwa kuwa litarudi baadaye kama hoja, tena hoja mbaya.

Z alikuwa na miaka sita kwenye kazi hii. Umaarufu wake ulitokana na mhusika mmoja, wifi mkorofi wa tamthilia ndefu ya kifamilia, ambaye kwa karibu mwaka mzima alimtesa mke wa kaka yake kila jioni saa moja. Z akifungua mdomo buchani, watu hugeuka. Muuza nyama mmoja alikuwa akimkatia mifupa mingi makusudi, kumlipizia yule mke.

Baada ya wifi, kila mhusika wa kike mwenye hasira alikwenda kwa Z. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Ilikuwa rahisi tu.

Ndipo ikaja anime. Ilikuwa ya kwanza kwa studio: sehemu 26 za dakika 24, wahusika wenye majina zaidi ya 40, waigizaji sauti 7, na wiki 9 za kumaliza. Mtu mmoja kubeba wahusika wanne, watano au zaidi ni jambo la kawaida hapo. Malipo ni kwa sehemu, na kila mhusika wa ziada ana nyongeza yake. Muswada ulitufikia kwa Kiingereza, wala hakukuwa na mtu kati yetu anayejua Kijapani zaidi ya salamu.

Fomu ya kugawa sauti

Studio ina fomu ya ukurasa mmoja. Safu ya kwanza jina la mhusika, ya pili umri, ya tatu jinsia, ya nne "aina ya sauti". Mwongozaji aliijaza baada ya kutazama sehemu tatu za mwanzo na kusoma muhtasari wa nusu ukurasa uliotoka kwa mteja. Kwenye safu ya nne aliandika "binti mkali" mara nne, na mbele ya kila moja jina la Z.

Wa kwanza alikuwa mwanafunzi anayemfokea kijana mkuu wa hadithi kila wanapokutana. Wa pili, kapteni wa kikosi, mwanamke wa miaka thelathini hivi asiyecheka. Wa tatu, mtoto wa miaka kumi mwenye majibu. Wa nne ni binti wa familia tajiri, mpinzani wa yule wa kwanza, ambaye huingia sehemu ya 12.

Nilipewa nakala ya fomu ile siku ya kwanza. Niliiona sawa kabisa.

"Mkali" alikotoka

Hapa inabidi twende Japani kidogo, maana bila hivyo kosa letu halionekani vizuri.

Yule binti wa kwanza ana jina la aina yake kwa Kijapani: tsundere. Limeunganishwa kutokana na maneno mawili yanayoigiza hali ya mtu: tsuntsun, kujitenga kwa ubaridi na pua juu, na deredere, kulegea kwa mapenzi. Ni neno lenye miguu miwili. Ukali ni mguu mmoja tu, na watazamaji wanausubiri ule wa pili. Kila tusi la sehemu ya kwanza ni deni litakalolipwa sehemu ya kumi, na mwigizaji mzuri hukuonyesha mapema, kwa pumzi tu, kwamba deni hilo analijua.

Mfano unaotajwa na kila mpenzi wa anime ni Rie Kugimiya, mwigizaji sauti wa Kijapani. Kati ya 2005 na 2008 alipewa Shana, Louise, Nagi na Taiga, mabinti wanne wafupi wenye hasira za karibu, wote wa aina hii. Watatu kati yao, yaani Shana, Louise na Taiga, walitoka studio moja, J.C.Staff. Mashabiki walimwita malkia wa tsundere. Wakabuni hata ugonjwa wa mzaha kwa jina lake, wenye aina nne kufuata herufi za kwanza za mabinti hao: S, L, N na T. Mwaka 2011 akaja Aria, mfupi mwingine mwenye hasira, na ugonjwa ukapata aina mpya.

Ukiishia hapo utasema mama huyu alifungwa. Lakini tangu 2003 alikuwa pia Alphonse Elric, mvulana mpole ambaye roho yake imefungiwa ndani ya vazi la chuma. Kuanzia 2006 akawa Kagura wa Gintama, msichana mlafi anayechokonoa pua bila haya. Kuanzia 2009, Happy, paka wa buluu wa Fairy Tail. Aina moja ilimpa jina, na wakati huo huo kazi nyingine zikamtunzia koo.

Sababu za aina kujirudia kule ni za kibiashara zaidi ya za kisanaa. Anime nyingi hugharimiwa na kamati ya makampuni kadhaa yanayogawana hasara, na kamati inayoogopa hasara hupenda kinachojulikana. Mhakiki wa Kijapani Hiroki Azuma alieleza mwaka 2001 kwamba wapenzi wa anime huwasoma wahusika kama vipande vilivyochukuliwa kwenye ghala moja: rangi ya nywele, masikio ya paka, namna ya kumalizia sentensi. Sauti nayo ni kipande cha ghala hilo. Anayechagua waigizaji, pamoja na mwongozaji mkuu na watayarishaji, ni mwongozaji wa sauti. Baadhi ya nafasi hushindaniwa, lakini nyingine hutolewa kwa kumtaja mtu jina moja kwa moja. Malipo hufuata madaraja, na anayeanza hupata yeni 15,000 kwa sehemu ya dakika 30, awe na mistari 3 au 300. Mtu wa daraja hilo hana ubavu wa kukataa kuitwa tena kwa kitu kile kile.

Kwetu daraja halipo, ila ubavu ni ule ule.

Mambo yalivyokwenda

Wiki tatu za kwanza zilikwenda vizuri kiasi cha kututia kiburi. Tulimaliza sehemu 8. Z alirekodi wahusika wake watatu mchana mmoja, kwa mfuatano, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ile ile ya wifi akiibadilisha kidogo: mwanafunzi juu kidogo, kapteni chini kidogo, mtoto kwa kubana pua. Mwongozaji alikuwa akimwambia, "Ile ile, dada. Wape ile ile."

Fundi sauti, kijana asiyeongea sana, ana tabia ya kutazama kazi mpaka mwisho kabla haijaanza. Wiki ya kwanza alisema, "Hawa wawili watakutana juu ya paa la shule." Alimaanisha mwanafunzi na binti tajiri. Mwongozaji akacheka: "Lufufu alikuwa mmoja, na watu walielewa." Tukacheka wote. Hoja ikafia hapo.

Mimi nilikuwa na vita vyangu na midomo. Kwenye katuni midomo hufunguka na kufungwa kwa hesabu, na sentensi ya Kiswahili ina tabia ya kuwa ndefu kuliko ya Kiingereza. Nilikata. Katika sehemu ya 4 yule mwanafunzi anampa kijana chakula, na maana ya maneno yake ni: "Si... si kwamba nimekupikia wewe. Kilibaki tu." Nikaandika: "Kula. Kilibaki." Ilikaa vizuri mdomoni, nikajipongeza. Vigugumizi vyote nilivifuta kwa mtindo huo, kila "si kwamba", kila sentensi iliyoanza ikaachwa njiani. Niliviona ni takataka za tafsiri.

Tatizo la kwanza lilijitokeza sehemu ya 11, ambapo binti anakiri na kulia. Z alijaribu mara saba. Kilichotoka ni wifi anayelia msibani kwa mtu aliyemchukia. Koo lilikuwa limechoka kwa wiki nne za kufoka, lakini kuchoka kwa koo kulikuwa sehemu ndogo tu ya tatizo. Hakuwa na mahali pa kutokea. Kwa sehemu kumi mhusika wake alikuwa ukuta mtupu, na ghafla muswada ukamwambia kuna mlango. Tuliipitisha hivyo hivyo kwa sababu ya muda.

Wiki ya tano tukafika paani. Kwenye sehemu ya 14 mwanafunzi na binti tajiri wanagombana kwa karibu dakika nne, wao wawili tu, hakuna mtu mwingine kwenye picha, muziki umenyamaza. Sisi hurekodi mtu mmoja mmoja, kwa hiyo Z alisoma mistari yote ya kwanza, akanywa maji, akasoma yote ya pili. Fundi akaunganisha. Tulipocheza, tulimsikia mwanamke mmoja akijigombeza mwenyewe juu ya paa.

Z ndiye aliyeanza kucheka. Kisha akaacha.

Wiki hiyo hiyo chaneli iliwakusanya wanafunzi kumi wa chuo kutazama sehemu za mwanzo mpaka ya 11. Maoni yao mengi yalihusu vitu vidogo. Moja liliandikwa na wanne kati yao, kila mmoja kwa maneno yake, nami nitalitoa kama lilivyoandikwa na mmoja: "Kwa nini huyu kaka anamvumilia huyu dada?"

Swali hilo ndilo lililotuweka kikao. Ugomvi wa paani ni kichekesho, unaweza kufichwa kidogo kwa muziki. Lakini hadithi nzima ya sehemu 26 imesimama juu ya sababu ya yule kijana kumvumilia yule binti, na toleo letu lilikuwa limeiondoa.

Maamuzi, na sababu zake

Kikaoni tulikuwa watano: Mwongozaji, fundi, mwakilishi wa chaneli, Z na mimi.

Njia ya kwanza iliyojaribiwa ilikuwa ya bei rahisi, kubadilisha kimo cha sauti ya binti tajiri kwa programu. Fundi alihangaika nayo nusu siku. Ikapanda, akawa nyuki ndani ya chupa. Ikashuka, akawa mtu aliyelishwa dawa ya usingizi. Tuliiacha.

Njia ya pili ilikuwa kumwondoa Z kwa mmoja kati ya wanne. Binti tajiri alikuwa ameonekana sehemu ya 12 mpaka ya 14 tu, kwa hiyo gharama ya kumrekodi upya ilikuwa ndogo. Mwongozaji aliona jambo limekwisha. Z hakuliona hivyo. "Kaka, mkiniondolea huyo, mmeniondolea ada ya mtoto," alisema. Halafu akaongeza jambo ambalo nadhani lingepaswa kusemwa siku ya kwanza: "Na nyie ndio mliosema mnataka ile ile."

Mwongozaji alijaribu kujitetea kwamba wote wanne ni wakali. Z akamkatiza. "Nani kakwambia? Mkali ni yule kapteni peke yake. Huyu tajiri ana maringo. Mtoto ni mjuaji tu. Na huyu wa kwanza hana ukali wowote, ana nyodo. Nyodo, halafu anadeka."

Nikageuza fomu, nikaandika nyuma yake: ukali, maringo, ujuaji, nyodo na kudeka.

Mwanamke huyu alikuwa amekaa miaka sita ndani ya kile chumba cha magodoro akiwa na mgawanyo huo kichwani, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Wala haukuwa utaalamu wa Kijapani. Nyodo ni nini kila mtu aliyekulia nyumba ya Kiswahili anajua: dharau ya kujionyesha, ya kumfanya mtu akutazame. Anayekuchukia kweli hakupotezei nyodo. Na kudeka ndiko kule kule deredere, labda hata kuzuri zaidi, maana ndani yake kuna kujua kwamba unapendwa. Tsundere tuliyeshindwa kumtafsiri alikuwa na jina la Kiswahili muda wote, na sisi tulikuwa tumemwandikia "mkali".

Maamuzi yaliyofuata yalikuwa matano, nayo hayakulingana uzito. Binti tajiri alipewa G, msichana aliyekuwa akifanya sauti za umati na wavulana wadogo. Z akafidiwa kwa mhusika mwingine aliyekuwa bado hajaanza, bibi msimulizi wa sehemu ya 16 na kuendelea. Sehemu ya 11 ikarekodiwa upya yote. Kuhusu sehemu za 1 mpaka 10, mwakilishi wa chaneli alikataa kurekodi upya, akakubali kubadilisha mistari michache tu. Nilipewa nafasi ya mistari tisa. Nilirudi na kalamu nikitafuta mahali ambapo nilikuwa nimefuta kigugumizi, na kusema kweli nilipata zaidi ya arobaini.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa ratiba: Z asirekodi tena wahusika wake wote mchana mmoja. Mwanafunzi asubuhi, akiwa amesimama. Kapteni baada ya chakula, ameketi, mdomo karibu na maiki, bila kupandisha sauti hata mara moja.

Matokeo

Kazi ilichelewa wiki moja na nusu, na chaneli ilikata sehemu ya malipo ya mwisho kama mkataba ulivyosema.

Wanafunzi saba kati ya kumi walirudi kutazama tena. Swali la kuvumilia halikujirudia. Mmoja aliandika kwamba kapteni anamtisha kuliko zamani "na hata hapigi kelele". Sehemu ya 11 mpya si kamilifu, lakini ule mstari wa kukiri sasa una kitu ndani yake, kwa sababu msikilizaji amekwisha kusikia "si kwamba nimekupikia wewe" wiki saba kabla.

G alitetereka. Binti tajiri wake wa sehemu za 12 na 13 anasoma kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. Kuanzia sehemu ya 17 amechangamka, ila zile mbili ndizo za kwanza kusikika, nazo zimebaki hivyo. Na anime ilipoanza kuonyeshwa, ujumbe wa kwanza uliofika kwenye chaneli ulisema: "Huyo mwanafunzi ni yule wifi!"

Uchambuzi

Rahisi ni kumlaumu Mwongozaji kwa kumpa mtu mmoja mabinti wanne. Siamini hilo ndilo kosa. Kwa waigizaji 7 na wahusika 40, mtu atabeba wanne tu. Mwigizaji sauti wa Kijapani Megumi Hayashibara mwaka 1995 peke yake alikuwa Lina Inverse, mchawi anayepiga kelele mpaka milima ikaporomoka, na pia Rei Ayanami, binti anayenong'ona kama mtu aliyesahau kuwa yupo. Koo moja linaweza. Kinachohitajika ni kuliambia koo hilo kwamba hawa ni watu wawili tofauti, na fomu yetu iliwaandika kama mtu mmoja mara nne.

Kosa la pili linaumiza zaidi kwa sababu ni langu. Kwa Kijapani mhusika hujitambulisha kabla hata sauti haijafanya kazi. Kuna maneno kadhaa ya kusema "mimi": ore la mwanamume anayejiamini au mkorofi, boku la mvulana mpole, washi la mzee, na mengineyo, na kila moja hukuambia ni mtu wa namna gani anayezungumza. Mwanaisimu Satoshi Kinsui ameyachunguza haya kwa kirefu na kuyaita lugha ya nafasi: mtu wa aina fulani kwenye hadithi husema namna fulani, hata kama hakuna Mjapani wa kweli anayesema hivyo. Yote hayo kwa Kiingereza huwa neno moja, na kwetu yanafika yakiwa "mimi" tu. Mzigo wote wa aina ukaangukia kooni kwa Z. Nami badala ya kuupunguza kwa maneno, niliuongeza kwa kufuta vigugumizi.

Na Kiswahili hakikosi namna za kusema. Binti wa maringo angeweza kupewa lafudhi ya pwani iliyonyooka, "mwenzangu" na "hebu nipishe", maneno ambayo hayahitaji kupandishwa sauti ili yakate. Kapteni angesema sentensi fupi za amri, bila "tafadhali" wala "bwana". Mtoto mjuaji angeanza kila jibu na "kwani". Kuanzia sehemu ya 15 niliandika hivyo, na fundi aliniambia hata kabla sauti haijarekodiwa anaweza kujua mstari ni wa nani kwa kuusoma tu. Hicho ndicho kipimo ninachotumia sasa: nikifunika jina la mhusika, je, bado najua nani anasema?

Ile hoja ya Lufufu nimeifikiria sana, kwa sababu ilitunyamazisha wote siku ile na haikustahili. Mtafsiri wa kibanda alisimama nje ya filamu. Alikuambia huyu anamwambia hivi, yule anajibu vile, akaweka na utani wake, na ulikuwa umelipa kiingilio kumsikia yeye. Kuingiza sauti ni mapatano mengine. Tunamwomba mtazamaji asahau kabisa kwamba kuna mtu chumbani na maiki. Sauti mbili zinazofanana juu ya paa zinamkumbusha.

Kurekodi mmoja mmoja nako kulichangia. Tokyo, hasa kabla ya janga la corona, desturi ilikuwa waigizaji kusimama pamoja mbele ya skrini, wakipokezana maiki chache. Mtu anayesikia hasira ya mwenzake hutafuta yake mahali pengine bila kuambiwa. Z hakuwa na mwenzake wa kumsikiliza. Hatuna chumba cha kutosha watu wanne, hilo halitabadilika kesho, lakini kwa ugomvi ule tulimwekea Z sauti ya G masikioni akiwa anarekodi, na tofauti ilisikika mstari wa kwanza.

Kilichofaulu, kwa maoni yangu, ni kidogo: kikao kilimsikiliza mwigizaji, japo kwa bahati, na chaneli ilifanya jaribio la watazamaji mapema kiasi cha kuweza kurekebisha. Bila lile swali la kuvumilia tungerekebisha paa tu.

Kisichotatuliwa ni soko la Z. Miezi miwili baadaye mteja mwingine alipiga simu akimtaka "yule wa wifi", na Z akasaini bila kusita. Sina la kumlaumu. Jina linalojulikana ni kazi ya mwezi ujao. Wako watayarishaji wanaojua kulitumia jina la namna hiyo kwa akili: Kana Hanazawa, anayejulikana kwa sauti za upole, alipewa Nadeko wa Bakemonogatari mwaka 2009, binti mwenye haya anayeongea chini chini, na mwaka 2013 hadithi hiyo hiyo ikamgeuza binti yule kuwa tishio, ikitegemea kabisa kwamba wasikilizaji wamekwisha kuizoea ile sauti laini. Aina ilikuwa chambo. Kufanya hivyo kunahitaji mtu aliyesoma hadithi mpaka mwisho kabla ya kugawa sauti, na fomu yetu mpya sasa ina safu ya tano: "mhusika huyu anaishia wapi?" Mara nyingi hurudi ikiwa tupu.

Kuhusu yule bibi msimulizi: sehemu ya 16 Z alimletea sauti ya kutetemeka, ile ya kila bibi wa kila mchezo wa redio, na Mwongozaji akasimamisha kurekodi. Akamuuliza Z jinsi bibi yake mwenyewe, mzaa mama, anavyoongea.

"Bibi yangu?" Z akacheka. "Bibi yangu ni mkali, kaka."

Akavuta kiti, akaketi, akasogea karibu na maiki, na akamsoma hivyo.